Malkia Ubaoni, Mgeni Ukumbini: Kasumba ya Jinsia katika Riwaya ya Sataranji ya Walter Tevis

Utangulizi

Riwaya ya The Queen's Gambit, iliyotungwa na Mmarekani Walter Tevis na kuchapishwa mwaka 1983, ilipata umaarufu wake mkubwa baada ya miaka 37, pale ilipofanywa tamthilia ya televisheni mwaka 2020. Tangu hapo imezoeleka kusifiwa kwamba ni hadithi iliyomkomboa mwanamke katika mchezo wa sataranji. Sifa hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Makala haya yanakusudia kuipima kwa mizani mbili: riwaya yenyewe, na historia ya wanawake walioketi mbele ya ubao kabla na baada ya kuandikwa kwake. Hoja itakayotetewa ni kwamba Tevis aliivunja kasumba moja, ile isemayo kuwa mwanamke hawezi, lakini akaiacha imesimama kasumba nyingine iliyojificha zaidi, ile isemayo kuwa mwanamke awezaye ni kioja.

Neno kasumba latumika hapa kwa maana ya wazo lililoganda, lisilongoja ushahidi. Kasumba ya jinsia haimtazami mtu mwenyewe. Hulitazama kundi lake, kisha ikamhukumu kabla hajasogeza kete. Katika mashindano, kasumba hiyo ina kauli tatu. Kauli ya kwanza yasema: mwanamke hawezi. Akiweza, huingia kauli ya pili: hakuweza kwa haki, ama alibebwa, ama alidanganya, ama mpinzani wake hakuwa na afya siku hiyo. Ikithibitika kwamba aliweza kwa haki, ipo ya tatu: huyo si mwanamke kama wanawake wengine. Kila kauli huikinga iliyoitangulia isianguke. Ndiyo sababu ushindi peke yake, hata ukiwa mwingi namna gani, haujatosha kuiangusha kasumba hii.

Waziri Aliyegeuka Malkia

Mwanafunzi wa lugha ana jambo la kujifunza katika jina la mchezo wenyewe. Sataranji ni neno lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, shatranj. Kiarabu kililipata kutoka Kiajemi, chatrang, na Kiajemi kutoka Kisanskriti, chaturanga, maana yake vikosi vinne vya jeshi. Katika ubao wa Waajemi na Waarabu, kete iliyosimama kando ya mfalme ilikuwa ya kiume: firzan, yaani mshauri au waziri. Ilikuwa kete dhaifu, ikienda hatua moja tu kwa mshazari. Mchezo ulipofika Ulaya waziri alibadilishwa jinsia, na karibu na mwaka 1000 maandishi ya Kilatini yanamtaja malkia mahali pake. Mwishoni mwa karne ya 15 malkia huyo akapewa nguvu alizo nazo hadi leo, za kwenda upande wowote na umbali wowote ulio wazi.

Yafaa kuangalia jinsi mabadiliko hayo yalivyopokewa kwa maneno. Waitalia waliuita mchezo mpya mchezo wa ghadhabu, na Wafaransa wakauita mchezo wa bibi mwenye kichaa. Waziri dhaifu aliitwa mshauri. Malkia mwenye nguvu akaitwa mwendawazimu. Karne tano kabla ya Tevis, lugha ilikwisha kuona ajabu kwamba nguvu ikae mahali penye jina la kike, hata kama mahali hapo ni kipande cha mti tu.

Kiswahili hakina jinsia katika ngeli zake. Mshindi, bingwa, mchezaji, mpinzani: maneno haya yote yapatanishwa kwa namna moja, wala sarufi haiulizi kama atajwaye ni mwanamke au mwanamume. Lakini kilichoachwa na sarufi kimeokotwa na msamiati. Mtu huambiwa ajikaze kiume, wala hausikiki usemi wa kujikaza kike. Mwanamke mwenye nguvu huitwa jikedume, kana kwamba nguvu ni mali ya dume na jike ameiazima tu. Neno hilo moja ni ile kauli ya tatu ya kasumba, imekunjwa ikawa jina. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili aisomapo riwaya hii ya Kentucky hasomi habari za ugenini peke yake.

Klabu ya Vera Menchik

Historia iliyo nyuma ya riwaya inaanza na Vera Menchik. Alizaliwa Moscow mwaka 1906, akahamia Uingereza mwaka 1921, na mwaka 1927 akawa bingwa wa kwanza wa dunia wa wanawake, cheo alichokishika mpaka alipouawa na bomu la Wajerumani jijini London mwaka 1944. Mwaka 1929 alishiriki katika mashindano makubwa ya Carlsbad pamoja na wanaume 21. Mmoja wao, Albert Becker wa Vienna, alifanya mzaha kwamba yeyote atakayeshindwa na Menchik aandikwe katika klabu itakayoitwa kwa jina lake. Mwanachama wa kwanza akawa Becker mwenyewe. Baadaye orodha hiyo ilimpata hata Max Euwe wa Uholanzi, ambaye mwaka 1935 alitwaa ubingwa wa dunia.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, na kwa haki, kwani mchimba kisima aliingia mwenyewe. Lakini kikichunguzwa vizuri, mzaha haukufa Becker aliposhindwa, uliendelea kuishi. Klabu hiyo haikuundwa kumsifu mshindi, bali kuwasuta walioshindwa naye. Kushindwa na mwanamume kulikuwa kushindwa tu. Kushindwa na Menchik kulikuwa aibu yenye daftari lake. Wahenga walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwa kipimo hicho, aliyepaswa kuonewa shaka katika ukumbi ule si Menchik, bali ni wale waliohitaji mzaha ili waweze kuvumilia kucheza naye.

Hapana budi isemwe pia kwamba Menchik alimaliza wa mwisho huko Carlsbad, akiwa na pointi 3. Jambo hilo halifai kufichwa, wala halihitaji kufichwa. Haki ya kuketi mbele ya ubao haitokani na kushinda kila mchezo. Kila mashindano yana mtu wake wa mwisho, na mtu huyo akiwa mwanamume hafanywi ushahidi juu ya wanaume wote.

Kauli ya kwanza iliendelea kutamkwa bila haya. Mwaka 1962 Bobby Fischer wa Marekani, akihojiwa na jarida la nchi yake, alidai kwamba angeweza kumwachia mwanamke yeyote duniani farasi mmoja na bado amshinde. Mwaka huohuo Nona Gaprindashvili wa Georgia alitwaa ubingwa wa dunia wa wanawake, akakaa nao mpaka mwaka 1978, ambao ndio mwaka alipokuwa mwanamke wa kwanza kupewa cheo cha grandmasta. Jina lake litarudi tena katika uhakiki huu.

Beth Harmon na Haki ya Kufikiri

Tevis alizaliwa San Francisco mwaka 1928 na kukulia Kentucky. Alikuwa amekwisha kuandika juu ya mashindano ya wanaume katika The Hustler ya mwaka 1959, riwaya ya wacheza biliadi. Katika The Queen's Gambit alilirudia suala lake lilelile, la kipaji na namna mwenye kipaji anavyojiangamiza, lakini safari hii alimkabidhi msichana. Beth Harmon, yatima wa miaka minane, apelekwa katika nyumba ya watoto ambamo watoto hupewa vidonge vya kuwatuliza. Katika chumba cha chini ya jengo amkuta mtumishi, Bwana Shaibel, akicheza sataranji peke yake. Aombapo kufundishwa, ajibiwa kwamba wasichana hawachezi mchezo huo. Hiyo ni kauli ya kwanza ya kasumba, nayo inawekwa mapema katika riwaya ili ivunjwe mapema. Tevis haivunji kwa hotuba. Anaivunja kwa michezo inayochezwa mbele ya msomaji.

Hapa ndipo ulipo ubora mkubwa wa riwaya. Kurasa nyingi zimetolewa kwa Beth akifikiri: akilitazama dari gizani na kuziona kete zikisogea, akipima hatua moja dhidi ya nyingine, akigundua kosa lake kabla mpinzani hajaligundua. Msomaji asiyeujua mchezo hata hivyo hubanwa na wasiwasi wake. Katika riwaya nyingi mwanamke hutazamwa. Katika hii mwanamke ndiye atazamaye, tena akitazamacho si uso wake katika kioo bali ni tatizo gumu lililo nje yake. Jarida mashuhuri lamwandikia makala, naye avunjika moyo kuona kwamba habari kubwa humo ni usichana wake, si mchezo wake. Kwa tukio hilo dogo mtunzi aonyesha kwamba aliijua hila ya kasumba: yaweza kuvaa nguo za sifa.

Jambo la pili la kusifiwa ni udhaifu wa Beth. Vidonge na pombe vinakaribia kumwangamiza, lakini havielezwi kuwa ni udhaifu wa kike. Ni udhaifu wa aina ileile iliyompata mcheza biliadi wa riwaya ya 1959. Kumpa mwanamke haki ya kuwa shujaa mwenye kasoro, bila kasoro hiyo kugeuzwa hukumu juu ya wanawake wote, si jambo dogo.

Shujaa Asiye na Kwao

Hata hivyo riwaya ina upungufu usioweza kupuuzwa. Beth yuko peke yake. Wanawake walio karibu naye, mama mlezi Bi. Wheatley na rafiki yake wa utotoni Jolene, wampenda kila mmoja kwa namna yake na kumwokoa wakati wa shida, lakini hawachezi. Wote wanaomfundisha na kumnoa, kuanzia Shaibel hadi Benny Watts, ni wanaume. Wanawake wachezaji wapita pembeni tu mwa hadithi. Mithali ya Kiswahili yasema mcheza kwao hutuzwa. Beth hatuzwi kwa kuwa acheza kwao; atuzwa kwa kuwa amewashinda wenye kwao, kisha wakamkubali. Kipaji chake kimeshuka kama kimondo, hakina ukoo wala hakitaacha kizazi.

Ndiyo maana kauli ya tatu haikuguswa. Msomaji anayeamini kwamba wanawake hawawezi anaweza kuifunga riwaya hii akiwa ameburudika sana, bila imani yake kupata mkwaruzo. Aweza kusema: huyu ni Beth, na Beth ni mmoja.

Upungufu mwingine ni upole wa wapinzani. Wanaume anaowashinda Beth hushangaa kidogo, kisha wakampa mkono na baadaye wakageuka marafiki na wasaidizi. Judit Polgár wa Hungaria, mchezaji wa kike mwenye nguvu kuliko wote waliowahi kutokea, alipoulizwa kuhusu tamthilia mwaka 2020 alisema kwamba wanaume wale walimtendea Beth wema kupita kiasi. Yeye aliwahi kukutana na waliokataa kumpa mkono baada ya kushindwa. Mhakiki hawezi kumlaumu Tevis kwa kutoandika riwaya ya malalamiko. Lakini ushindani ukiondolewa chuki yake, ushindi nao hupunguzwa bei, na msomaji hubaki akidhani kwamba mlango ulikuwa wazi siku zote, ila hakuna aliyeusukuma.

Mtangulizi Aliyefutwa

Gharama ya hadithi ya mtu wa pekee ilionekana wazi katika tamthilia ya 2020. Katika riwaya, Beth akiwa Moscow, Gaprindashvili anatajwa kuwa mchezaji aliyekwisha kukutana na magrandmasta wa Kirusi mara nyingi. Tevis hamweki katika kiwango cha mashindano hayo, lakini ukweli huo amempa. Waandishi wa tamthilia waliugeuza. Katika sehemu ya mwisho mtangazaji asema kwamba Gaprindashvili ni bingwa wa dunia wa wanawake na kwamba hajapata kucheza na wanaume. Ukweli ni kwamba kufikia mwaka 1968, ambao ndio wakati wa tukio hilo katika hadithi, alikuwa amecheza na wanaume wasiopungua 59, wakiwamo magrandmasta 10. Gaprindashvili alikuwa hai, na mwenye umri wa miaka 79, tamthilia hiyo ilipotolewa. Mwezi Septemba 2021 aliishtaki kampuni ya Netflix katika mahakama ya Los Angeles akidai dola milioni 5. Mwezi Januari 2022 hakimu alikataa ombi la kuifuta kesi, na mwezi Septemba mwaka huo pande mbili zilipatana.

Suala la sheria lilikwisha. Suala la uhakiki halijakwisha. Kwa nini ukweli uliokuwamo katika kitabu uondolewe na kuwekwa uongo? Jibu limo katika umbo la hadithi yenyewe. Simulizi ya mtu wa pekee haimvumilii mtangulizi. Ili Beth, ambaye hakuwahi kuishi, awe wa kwanza, ilibidi mwanamke aliyeishi anyang'anywe michezo yake. Waliofanya hivyo bila shaka walidhani wanamtukuza mwanamke. Lakini walipomtukuza mmoja kwa kumfuta mwingine, waliisema kauli ya tatu kwa sauti kubwa kuliko Fischer alivyoisema ya kwanza. Mbegu ya kosa hilo ilipandwa katika upweke wa Beth mwaka 1983, ingawa aliyeivuna hakuwa Tevis.

Ushahidi wa Nje ya Riwaya

Yaliyotokea baada ya kuchapishwa kwa riwaya yanaonyesha jinsi hadithi ingeweza kuwa nyingine. Jijini Budapest mwalimu László Polgár na mkewe Klara waliwalea mabinti watatu, Susan, Sofia na Judit, wakiwafundisha sataranji tangu utotoni. Hawakuwa vimondo, walikuwa zao la malezi, kazi na ushirikiano. Susan alikataa kufungiwa katika mashindano ya wanawake. Mwishoni mwa mwaka 1986 Shirikisho la Kimataifa la Sataranji liliwaongezea wachezaji wa kike pointi 100 za kiwango, isipokuwa yeye, kwa sababu viwango vya wengine vilitokana na michezo ya wanawake kwa wanawake. Kwa uamuzi huo aliteremka kutoka nafasi ya kwanza. Yaani aliyethubutu kucheza na wanaume ndiye aliyepunguziwa. Mwezi Januari 1991 alipata cheo cha grandmasta kwa masharti yaleyale ya wanaume. Mwezi Desemba mwaka huo Judit naye alikipata, akiwa na miaka 15 na miezi 4, akaivunja rekodi ya Fischer. Alifikia nafasi ya 8 duniani, na mwaka 2002 alimshinda Garry Kasparov katika mchezo wa muda mfupi. Kasparov, aliyewahi kudai kwamba wanawake hawana silika ya mapambano, baadaye aliandika kwamba kina Polgár waliuonyesha uongo wa dhana hiyo.

Wachunguzi nao wamelishughulikia jambo hili. Mwaka 2008 Anne Maass na wenzake walichapisha utafiti ambamo jozi 42 za wanawake na wanaume wa viwango vilivyolingana walicheza kwa kompyuta bila kuonana. Wanawake walipojua kwamba wanacheza na mwanamume walicheza vibaya zaidi. Walipodanganywa kwamba mpinzani ni mwanamke walicheza sawasawa na wanaume haohao. Mwaka 2009 Merim Bilalić na wenzake, wakitumia takwimu za Ujerumani, walionyesha kwamba asilimia 96 ya tofauti baina ya wachezaji 100 bora wa kila jinsia yaweza kuelezwa na uchache wa wanawake wanaoshiriki. Hesabu hiyo ya pili imepingwa na wachunguzi wengine, na haifai kuchukuliwa kuwa neno la mwisho. Lakini zikisomwa pamoja, tafiti hizi zaonyesha kwamba kasumba haisubiri nje ya ukumbi; huketi kitini pamoja na mchezaji.

Kauli ya pili nayo ingali hai, na imehamia katika michezo ya kompyuta. Mwaka 2016 Kim Se-yeon wa Korea Kusini, ajulikanaye kwa jina la Geguri, alicheza Overwatch kwa ustadi hata wapinzani wakamshutumu kwamba anatumia programu ya kudanganya. Ilimlazimu acheze mbele ya kamera huku mikono yake ikionyeshwa. Alisafishwa, na mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza katika ligi kuu ya mchezo huo. Nchini Kenya, Sylvia Gathoni, mchezaji wa Tekken, amejichagulia jina la ushindani la Queen Arrow. Si jambo la bahati kwamba neno malkia limerudi tena, safari hii likichukuliwa na mwenyewe badala ya kupewa na wengine.

Nairobi ilipata kisa chake mwezi Aprili 2023, pale mwanafunzi wa kiume alipojifunika mavazi ya kike na kuingia katika sehemu ya wanawake ya mashindano ya wazi ya Kenya. Aligunduliwa, akakiri kwamba alisukumwa na shida ya fedha. Kisa hicho kina hatari ya kusomwa kama ushahidi kwamba mwanamume wa kawaida atawashinda wanawake bora. Usomaji huo ni wa haraka. Sehemu ya wanawake haikuwekwa kwa sababu akili zao ni haba, bali kwa sababu wanaofika ukumbini ni wachache. Wanawake waliokwisha kupata cheo cha grandmasta duniani ni kama 40 tu kati ya watu zaidi ya 1,700. Aliyeibiwa siku ile ni mwanamke aliyekuwa apate nafasi chache zilizopo.

Hitimisho

The Queen's Gambit ni riwaya njema, na inastahili kufundishwa. Imempa mwanamke haki ya kufikiri mbele ya msomaji na haki ya kukosea bila kuwatia hatiani wenzake. Lakini haifai kufundishwa peke yake. Isomwe pamoja na habari za Menchik, za Gaprindashvili na za kina Polgár, ili mwanafunzi aone kwamba Beth Harmon alikuwa na dada zake katika historia, ingawa mtunzi hakuwaita wakae naye.

Wajibu wa wanalugha ni mkubwa zaidi siku itakapotafsiriwa. Mfasiri ataamua kama kete ile itaitwa malkia, kwa kufuata Ulaya, au waziri, kwa kufuata njia ambayo sataranji yenyewe iliijia katika Kiswahili; jina la riwaya litamlazimisha achague malkia, na chaguo hilo ni sawa. Kishawishi kikubwa kitakuja Beth atakapoketi mbele ya Borgov huko Moscow, bila vidonge, na kuamua kutokata tamaa. Kalamu itataka kuandika kwamba alijikaza kiume. Ikiandika hivyo, riwaya yote itakuwa imepotea katika neno moja. Kiswahili kina neno la kutosha kwa mahali hapo, lisilo na deni kwa dume wala jike: alijikaza.